Besi Isiyosikika kwa Simu

Mpwa wangu mmoja, ambaye maisha yamemchukua mpaka kusini mwa London, na ambaye hajaacha desturi njema ya kunikumbuka japo kwa ujumbe wa simu, alinitumia mwaka jana muziki usio na maneno, akaniomba niusikilize kwa makini kisha nimpe rai yangu. Nilikuwa jikoni. Simu nikaiegemeza kwenye kopo la chumvi, nikasikiliza tangu mwanzo hata mwisho, nikasikia kitu kama mtu anayegonga ukucha juu ya sahani, kisha kimya, kisha ukucha tena, na mbali kidogo mlio wa filimbi uliokuwa kama umepotea njia. Nikamjibu kwa insafu kwamba sikusikia kitu. Jawabu lake halikukawia: "Shikamoo mjomba. Huo si wa simu. Tafuta spika." Spika nikaziazima kwa jirani ambaye kazi yake ni kukodisha vyombo vya arusi, na nilipourudia muziki ule ule, vikombe vilivyokuwa kabatini vikaanza kusemezana, na mimi mwenyewe nikahisi kifuani jambo ambalo masikio hayakuwa na habari nalo.

Muziki ule unaitwa dabstepu, na tangu siku ile limenikaa swali ambalo Waingereza wenyewe wamelijadili kwa zaidi ya miaka thelathini: je, muziki wa dansi uliozaliwa chini kwa chini, katika vyumba vya giza na redio zisizo na leseni, waweza kutoka ukapendwa na umma mzima, ukaimbwa na watoto wa shule na akina mama wakipiga pasi, au jambo hilo ni muhali kwa tabia ya muziki wenyewe? Uingereza huwa na orodha ya kila wiki ya nyimbo zilizopata wanunuzi na wasikilizaji wengi kuliko nyingine, iitwayo chati, na kushika nafasi ya kwanza humo ni cheo ambacho hata ajuza asiyekanyaga dansi hukitambua. Ukiifungua orodha hiyo, jawabu ni jepesi: muziki wa chini umekwisha kupanda, tena si mara moja. Lakini orodha haisemi ni kitu gani hasa kilichopanda, wala ni kitu gani kilichoachwa njiani, na mimi naona hapo ndipo penye maneno.

Mama yake dabstepu ni gereji, ambayo haikupata jina lake kwa mafundi, ijapokuwa magari yamo katika nasaba yake. Huko New York, kati ya mwaka 1977 na 1987, palikuwa na klabu iitwayo Paradise Garage, katika jengo lililokuwa zamani la kuwekea magari, ambamo dijei Larry Levan alizoea kuwachezesha watu mpaka jua likapanda. Na muziki wa namna yake, wenye sauti za kikanisa na vinanda, ukaja kuitwa kwa jina la jengo. Santuri za aina hiyo ziliposafiri hadi London, madijei wa huko, katikati ya miaka ya 1990, wakaziendesha mbio kuliko zilivyokusudiwa, hasa Jumapili asubuhi katika baa ya mtaa wa Elephant and Castle, walikokusanyika watu waliotoka kwenye klabu kubwa ya Ministry of Sound wakiwa bado hawataki kurudi nyumbani. Wengi wa vijana hao walikuwa wana na wajukuu wa wahamiaji kutoka Jamaika, waliolelewa na mitambo mikubwa ya sauti ya wazee wao, na baadhi yao walikwisha kuonja jango, ule muziki wa ngoma za kasi uliotangulia. Kwa hiyo hawakuridhika na gereji ya Kimarekani mpaka walipoitia besi nzito ya kwao.

Kisha wakafanya jambo dogo lililogeuza kila kitu. Ngoma kubwa, ambayo katika muziki wa hausi hupiga mapigo manne kwa manne bila kukosa, kama mchi kinuni, wao waliiondolea baadhi ya mapigo, ukawa mwendo wa kuruka na kusita, wenye mapengo, ulioitwa tu-stepu. Kwa mchezaji, pengo ni mahali pa kutikisa bega. Kwa mwimbaji, ni mahali pa kuweka neno. Na kwa kuwa mahali pa neno palikuwapo, waimbaji walikuja, na wakaja na umma nyuma yao. Mwezi Mei 1999 wimbo wa Shanks & Bigfoot uitwao Sweet Like Chocolate ulishika nafasi ya kwanza. Mwisho wa mwaka huo kundi la Artful Dodger likafika nafasi ya pili pamoja na kijana aitwaye Craig David, naye Craig David, alipotoa wimbo wake mwenyewe Aprili 2000 akiwa na umri wa miaka 18, akapanda moja kwa moja mpaka juu. Mwezi uliofuata walimfuata Oxide & Neutrino, waliochukua utangulizi wa tamthilia ya hospitali ya televisheni, tamthilia ambayo kila nyumba ya Uingereza iliijua, wakaufanya muziki wa dansi wenye ubishi mwingi na haya kidogo.

Nina jambo moja la kuongeza hapa, ambalo mtu aliyelelewa kando ya bahari hawezi kulipita bila kulitazama: Artful Dodger na Craig David hawakutoka London, bali Southampton, mji wa bandari, mwendo wa saa nzima na zaidi kwa gari la moshi. Bandarini kila kitu hufika kikiwa kimekwisha kuonjwa na wengine, na watu wa bandari ni mabingwa wa kukifungasha upya na kukiuza mbele. Sidai kwamba hiyo ndiyo sababu pekee. Nasema tu kwamba yule aliyekaa mbali kidogo na chumba cha giza aghalabu huona upesi zaidi kipi kitakachopendeza nje ya mlango.

Mwaka 2001 ndio uliokuwa kilele. Mwezi Agosti kundi kubwa la vijana wa Battersea, So Solid Crew, lilishika nafasi ya kwanza kwa wimbo ambao jina lake lilikuwa ndiyo sheria yake, kila mghani apewe sekunde 21 aseme yake kisha ampishe mwenziwe. Na Desemba akafuata Daniel Bedingfield kwa wimbo alioutengeneza chumbani mwake, kwa kompyuta na maikrofoni. Kisha, kama mvua ya vuli, ikapita. Risasi zilisikika katika baadhi ya mikutano, maonyesho yakafutwa, wenye kumbi wakaogopa, magazeti yakapiga kelele, na kampuni za santuri, ambazo zilikuja kwa haraka, ziliondoka kwa haraka hiyo hiyo. Lakini hata kabla ya hapo, vijana wadogo waliokuwa wakisikiliza redio za magendo, zile ambazo milingoti yake ilifichwa juu ya mapaa ya maghorofa ya halmashauri, walikuwa wamekwisha kuichoka gereji tamu, yenye viatu vya kung'ara na chupa za shampeni, wakaanza kuivua mapambo. Mashariki mwa London waliivua utamu wote wakamwachia mghani peke yake na mdundo mkavu, na hiyo ikaitwa graimu. Kusini, katika mji wa Croydon, walifanya ajabu zaidi: walimfukuza mwimbaji.

Croydon ina soko la mtaani, Surrey Street, ambalo hati yake ya kifalme ni ya mwaka 1276, na mpaka miaka ya karibuni palisikika humo sauti za wauza matunda wakinadi bakuli la nyanya na mafungu ya ndizi, kama zinavyosikika katika kila soko duniani linalojiheshimu. Hapo ndipo palipokuwa na duka la santuri lililoitwa Big Apple. Nyuma ya meza alisimama dijei Hatcha. Mbele ya meza, baada ya saa za shule, walisimama wavulana wawili, Oliver Jones, ambaye ulimwengu ungekuja kumjua kwa jina la Skream, na mwenzake aitwaye Benga, waliotengeneza midundo nyumbani kwa programu ya kompyuta iitwayo FruityLoops, chombo ambacho wajuzi wa studio walikiona kama kichezeo cha watoto. Muziki waliomletea Hatcha ulikwenda kwa mapigo 140 kwa dakika, lakini kwa kuwa ngoma zilikuwa chache na zimekaa mbalimbali, mwili uliusikia kana kwamba unakwenda nusu ya hapo. Na katika nafasi yote iliyobaki, pale ambapo gereji ingeweka mapenzi na machozi, wao waliweka besi.

Na besi yenyewe haikuwa ya kuchezea. Sauti ni hewa inayosukumwa, na kadiri inavyokuwa nzito ndivyo inavyotaka hewa nyingi zaidi na chombo kipana zaidi cha kuisukumia. Besi ya dabstepu, inayotetemeka mara hamsini kwa sekunde au pungufu ya hapo, haiwezi kutoka katika kitundu cha simu, wala katika redio ya jikoni, wala katika spika za televisheni, kama vile bahari isivyoweza kutoka katika mfereji wa bomba. Kwa hiyo muziki huu ulikuwa na makao maalumu. Moja lilikuwa Plastic People, klabu ya chini ya ardhi katika mtaa wa Shoreditch, ndogo, yenye giza kiasi cha mtu kutomwona aliyesimama ubavuni pake, na mitambo ya sauti iliyokuwa bora kuliko ukumbi wenyewe. La pili, tangu mwaka 2005, lilikuwa karamu ya DMZ ya akina Mala, Coki na Loefah, huko Brixton, ndani ya jengo la kanisa la Mtakatifu Mathayo, ambako watu hawakualikwa kuimba wala kupendeza bali kuja kutafakari uzito wa besi, mwaliko ambao mimi ningeutarajia kutoka kwa masufii.

Hata vyombo vya muziki huo vilikuwa vya namna ya siri. Mtengenezaji alipomaliza kazi yake hakuipeleka dukani. Aliipeleka Forest Hill, kwenye studio iitwayo Transition, ambako fundi aliichonga kwenye sahani moja ya aluminiamu iliyopakwa laka laini, sindano ikikata mfereji mwembamba na uzi wa laka ukijikunja pembeni kama ganda la chungwa. Sahani hiyo ilikuwa ya dijei mmoja tu. Laka ni laini, na kila sindano ya kusomea inapopita hukwangua kidogo kile inachokisoma, kwa hiyo sauti za juu hufifia siku hata siku, mpaka sahani ikafa. Muziki ulioingia ulimwenguni kwa njia hiyo, nakala moja, usiku mmoja, chumba kimoja, utautazamia vipi kwamba siku moja utapigwa kwenye matangazo ya sabuni?

Lakini ulitoka. Januari 2006 mtangazaji Mary Anne Hobbs wa BBC aliwakusanya madijei hao katika kipindi kimoja cha Radio 1, na miezi miwili baadaye, DMZ ilipotimiza mwaka, foleni ilikuwa ndefu hata karamu ikahamishwa usiku huo huo kutoka chumba cha chini kwenda ukumbi mkubwa wa juu. Mwaka 2009 Skream aliuchukua wimbo wa La Roux, In for the Kill, akaiweka sauti ya yule binti juu ya besi yake, na watu waliokuwa hawajapata kusikia neno dabstepu wakaupenda. Mwaka 2010 yeye na Benga na mwenzao Artwork, kwa jina la Magnetic Man, waliingia katika kumi bora. Na Agosti ya mwaka huo huo Katy B, binti wa Peckham aliyesomea sanaa katika shule iliyoko Croydon hiyo hiyo, alifika nafasi ya tano kwa mdundo uliotengenezwa na Benga. Albamu yake iliyofuata ilitolewa kwa jina la Rinse, redio iliyoanza kwa magendo mwaka 1994 na kupewa leseni mwaka ule ule wa 2010. Hatimaye, mwaka 2011, DJ Fresh mwezi Julai na Nero mwezi Agosti walishika nafasi ya kwanza kwa nyimbo ambazo magazeti yaliziita za dabstepu, na ng'ambo ya Atlantiki Britney Spears alikuwa amekwisha kuitia dabstepu katikati ya wimbo wake, na Mmarekani Skrillex akazoa Grammy tatu Februari 2012.

Sasa nirudi jikoni kwangu, kwa sababu mpwa wangu, nilipomwomba, alinitumia pia nyimbo hizo za mwaka 2011, nami nikazisikiliza kwa simu ile ile, juu ya kopo lile lile la chumvi, na nikazisikia zote. Hapo nikafahamu kilichotendeka. Mambo mawili yalibadilishwa. Kwanza, mwimbaji aliyefukuzwa Croydon aliitwa tena, akapewa kiti cha mbele. Pili, na hili ndilo lisilosemwa sana, besi yenyewe ilipandishwa: ule mngurumo uliokaa chini ya masikio, wa kusikika kwa mbavu, ulivutwa juu mpaka ukawa mkwaruzo, kama mlango wa bati unaoburutwa sakafuni, ili kitundu cha simu nacho kiweze kuutamka. Watu wa Plastic People walikasirika, nao walikuwa na haki ya kukasirika, maana jina lilikuwa lao na kitu hakikuwa chao. Hata hivyo mimi sioni kosa la mtu. Wimbo wa Katy B ni mzuri, na uzuri wake, kwa hukumu yangu, umetokana na kuwa haujifichi: unamhusu mtu aliyemo ndani ya dansi ile, kwa hiyo sauti haikubandikwa juu ya besi, bali inasimulia jinsi ilivyo kusimama mbele yake.

Graimu huenda ikaonekana kuipinga hoja yangu, kwa kuwa ilipanda ikiwa kavu. Dizzee Rascal wa Bow alitunukiwa Tuzo ya Mercury mwaka 2003, akiwa na miaka 18, kwa albamu ambayo hakuna awezaye kuiita tamu. Skepta akaipata mwaka 2016. Na mwaka 2017 albamu ya Stormzy ikawa ya kwanza ya graimu kushika nafasi ya juu kabisa. Hayo yote yalitukia ilhali polisi wa London, kwa miaka mingi, walikuwa na fomu nambari 696 ambayo waandaaji wa maonyesho walitakiwa kuijaza, na ambayo mpaka ilipofutwa Novemba 2017 ililalamikiwa kuwa imewalenga waghani weusi. Lakini tazama: graimu haikumfukuza mwenye maneno hata siku moja. Ilikuwa na sauti ya mtu tangu alfajiri yake, sauti kali, ya haraka, yenye lahaja ya mtaa, na ndiyo iliyovuka. Dizzee naye, ni kweli, nafasi ya kwanza aliipata mwaka 2008 tu, alipoketi na Calvin Harris, fundi wa nyimbo za kuchangamsha.

Kuhusu ngoma-na-besi, mtoto wa jango, safari ilikuwa ndefu kuliko zote. Mwaka 1994 M-Beat na General Levy waliifikisha jango nafasi ya nane. Iliwachukua wenzao mpaka Februari 2012 kuipata nafasi ya kwanza, DJ Fresh yule yule akiwa na Rita Ora. Na mwaka 2023 ilishikwa tena na binti aliyeandika, akatengeneza na kuimba peke yake, aitwaye Kenya Grace. Msomaji wa Nairobi asifurahi mapema: amezaliwa Afrika Kusini. Amekulia, nami nilicheka nilipolisoma, Southampton.

Ila kama ni Kenya ya kweli tunayoitafuta, ipo, tena karibu. Msanii ajiitaye PinkPantheress, ambaye mama yake ni Mkenya na baba yake Mwingereza, alianza kurekodi katika chumba cha mwanafunzi, akiweka nyimbo zake vipande vipande mtandaoni, na mwaka 2021 alitoa mkusanyo wa nyimbo 10 ambazo zote pamoja hazitimizi dakika 20. Mmojawapo, Pain, umejengwa juu ya Flowers, wimbo wa gereji wa Sweet Female Attitude uliofika nafasi ya pili mwaka 2000, yaani kabla mwimbaji huyu hajazaliwa. Sauti yake ni ndogo, karibu ya kunong'ona, imekaa juu kabisa ya muziki, kama ya mtu anayezungumza kwa simu chini ya shuka ili wazazi wasisikie. Mwaka 2023, pamoja na Ice Spice wa New York, alifika nafasi ya pili Uingereza na ya tatu Marekani. Hakuna tena duka la Surrey Street, lililofungwa mwaka 2004, wala Plastic People, iliyofungwa mwaka 2015. Binti huyu aliipata gereji mahali pale pale ninapoipata mimi, yaani katika kioo cha simu, na akaitunga upya kwa ajili ya kioo hicho.

Niliusikiliza Pain jikoni. Nilisikia kila kitu, neno kwa neno, na vikombe havikutikisika. Nikamwandikia mpwa wangu kwamba huu nimeuelewa mara ya kwanza, tena umenipendeza, naye akajibu: "Vizuri mjomba. Sasa usikilize kwa spika, chini kuna kitu." Nikavaa viatu nikaenda kwa jirani, lakini ilikuwa Jumamosi, na mkewe, aliyekuwa kizingitini akichambua mchele, akaniambia spika zote zimekwenda arusini, nyumba ya saba kutoka pale. Nilisimama kidogo. Ukuta wa nyumba ulikuwa ukinguruma taratibu chini ya kiganja changu. Ngoma ya arusi nilikuwa nikiipata sawasawa, ila mwimbaji, na jina la bibi arusi alilokuwa akilitaja, havikunifikia.